Wanambuzi Wawili

Rebeka anaagiza wanambuzi wawili wazuri kutoka kundini. Mmoja angetosha. Anayekwenda kula ni mzee mmoja asiyeona, na mwanambuzi mmoja aliyenona huwashibisha watu kadhaa. Wafasiri wa Kiyahudi wa zamani waliliona hilo, wakauliza: wawili wa nini? Wao walitoa majibu yao ya kidini. Jibu langu ni la fundi wa nguo: ngozi ya mwanambuzi mmoja haitoshi mikono miwili na shingo. Mama huyu alipotamka idadi alikuwa amekwisha kupima vazi kichwani, wakati mwanawe bado anadhani wanazungumzia chakula. Msimulizi hatuambii hivyo. Anataja wawili, anaendelea na safari yake, na anatuachia sisi kugundua siku nyingine, tukirudi.

Nimerudi mara nyingi kwenye sura hiyo, ya 27 katika kitabu cha Mwanzo, nikiwa na Biblia ya Kiswahili mkono mmoja na kamusi ya Kiebrania mkono wa pili. Ni kisa cha nyumba moja ya Kanaani: baba Isaka, mama Rebeka, na pacha wawili, Esau na Yakobo, ambao mdogo anamwibia mkubwa baraka za baba yao. Tangu shule ya Jumapili tunakijua. Kwa sababu tunakijua, tunakipita mbio kuelekea fundisho, na kazi ya mikono ya aliyekitunga hatuitazami. Jina lake hatulijui. Wataalamu wengi wanaona mikono zaidi ya mmoja katika kitabu hiki. Nitamwita msimulizi tu, na ninataka kukaa karibu naye anapofanya kazi.

Utangulizi anaumaliza haraka. Isaka anaoa akiwa na miaka 40, mtoto hapatikani, na pacha wanazaliwa yeye akiwa na 60. Tumboni tayari wanasukumana. Wa kwanza anatoka mwekundu, mwili mzima manyoya. Wa pili anatoka ameshika kisigino cha mwenzake, na jina lake Yakobo linafanana na neno la Kiebrania la kisigino. Mmoja anakuwa mwindaji wa porini, mwingine mtu wa kukaa hemani. Baba anampenda Esau, na sababu inatajwa: nyama ya mawindo. Mama anampenda Yakobo, na sababu haitajwi. Ukimya huo mdogo ni wa fundi. Penzi la baba limepewa sababu, na ya tumboni. Penzi la mama limeachwa lilivyo.

Kisha siku ya dengu. Esau anarudi kutoka porini yu hoi, anamkuta mdogo wake anapika, na kwa njaa hata jina la chakula halimjii mdomoni; anaonyesha wekundu wake tu. Anaiuza haki yake ya kifungua mimba kwa bakuli moja. Hapo msimulizi anapanga vitenzi vitano mfululizo bila kuweka chochote kati yake: kula, kunywa, kuinuka, kwenda, kudharau. Kiebrania kina umbo la kitenzi la kusimulia ambalo kila tendo hulisukuma linalofuata, na Kiswahili tuna bahati ya kuwa na ndugu yake, ile -ka- yetu ya hadithi. Bibi akisimulia jioni, -ka- ndiyo inayokokota hadithi nzima: akafika, akabisha, akafunguliwa. Kwa hiyo vitenzi vile vitano vinapoingia katika Kiswahili havipotezi mwendo wake. Esau anatembea ndani ya vile vitenzi kama mtu aliyeshiba anavyotoka jikoni, hageuki nyuma, na kile cha tano kinaangusha mzigo ambao vinne vya kwanza havikuonyesha kuubeba.

Sasa sura ya 27 yenyewe. Imejengwa kama mchezo wa jukwaani wenye watu wanne ambao hawakutani wote hata mara moja. Kila onyesho lina wawili: Isaka na Esau, Rebeka na Yakobo, Yakobo na Isaka, Esau na Isaka, Rebeka na Yakobo tena, mwisho Rebeka na mumewe. Ndugu wawili hawaonani. Mama na mwanawe wa kwanza hawasemezani neno. Mtu anaingia, mwingine ametoka muda huohuo. Yakobo ndiyo kwanza ametoka mlangoni kwa baba, Esau anaingia na sufuria yake. Msimulizi angeweza kutuambia kwamba nyumba hii imepasuka. Ameona afadhali atupe nyumba ambayo mlango wake unapitisha mtu mmoja mmoja.

Kuna jambo hapa ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kuliona, na ni moja ya mambo yanayonifanya nishukuru kwa ile kamusi. Isaka anazungumza na Esau, na msimulizi anamwita Esau "mwanawe". Mstari unaofuata Rebeka anazungumza na Yakobo, naye anaitwa "mwanawe". Katika Kiswahili neno ni lilelile. -We haijali kama mwenye mtoto ni baba au mama. Katika Kiebrania herufi moja ya mwisho inatenganisha mwana wa baba na mwana wa mama. Kwa hiyo msikilizaji wa kale alisikia nyumba ikigawanywa: huyu wa baba, huyu wa mama. Halafu, mistari michache mbele, Rebeka anachukua nguo nzuri za Esau zilizokuwa kwake nyumbani ili amvishe Yakobo. Na hapo, penye wizi wenyewe, msimulizi anabadilisha ile herufi. Esau sasa anaitwa mwana wake yeye, Rebeka, mwanawe mkubwa. Mikono yake imeshika nguo za mtoto aliyemzaa, na sarufi ndiyo inayomkumbusha. Sijui mwandishi mwingine aliyewahi kuweka uchungu mwingi namna hiyo katika kiambishi.

Yakobo ana wasiwasi. Ndugu yangu ana manyoya, anasema kwa maana hiyo, mimi ni laini. Baba akinipapasa je? Angalia anachoogopa: kukamatwa. Kama jambo lenyewe ni baya, hilo halimo katika hoja yake. Mama anajitwika laana kabla haijatamkwa, na kazi inaanza. Anapika wanambuzi waonje kama mawindo, na huyu ni mke aliyekaa na mumewe miaka mingi, anajua ulimi wake unapenda nini kuliko anavyojua mwenyewe. Kisha ngozi. Usifikirie mbuzi wetu wa Dodoma mwenye manyoya mafupi magumu. Mbuzi weusi wa nchi zile wana manyoya marefu, ndiyo Wabedui waliyofumia mahema yao kwa karne nyingi. Ukipitisha kiganja, kinazama. Rebeka anazifunga mikononi mwa Yakobo na mahali palipo laini shingoni pake. Shingo hiyo tuiweke akiba.

Halafu msimulizi anapunguza mwendo. Yule aliyepita miaka 20 ya utasa kwa sentensi moja, sasa anatumia mistari kumi kwa dakika chache ndani ya hema moja. Macho ya mzee yamekwisha, kwa hiyo atautafuta ukweli kwa milango minne iliyobaki, na msimulizi anatupitisha mlango kwa mlango. Kwanza sikio. Yakobo anaita baba, neno moja tu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, na mzee anauliza ni nani. Mbona umewahi kupata mawindo, anauliza tena, na Yakobo anamwingiza Mungu katika uongo wake: Mungu wako ndiye aliyenifanikisha. Wako, hakusema wangu. Mzee hajatulia. Anaita kijana asogee, na sasa ni kiganja. Mkono wa baba unapita juu ya manyoya ya mbuzi, na mzee anasema kwa sauti yale yanayomtatiza: sauti anaijua kuwa ya mdogo, mikono inamwambia ni mkubwa. Anauliza tena. Anadanganywa tena. Ulimi: anakula, anakunywa divai. Mwisho pua: anaomba kubusiwa, ananusa nguo za Esau, harufu ya shamba, na hapo ndipo baraka zinapofunguka.

Hesabu mashahidi wake. Kugusa, kuonja, kunusa, wote watatu wamehongwa na Rebeka. Sikio peke yake lilisema kweli, na lilisema mapema, naye akalisikia, akalitaja, kisha akaliacha. Watu husema Isaka alidanganywa kwa sababu alikuwa kipofu. Nikisoma polepole naona kwamba alipewa ukweli sikioni na hakuuamini, na msimulizi amehakikisha tunausikia nasi. Katikati ya upapasaji anaweka kitenzi kimoja: Isaka hakumtambua. Kitenzi hicho nacho tukiweke akiba.

Esau anaingia. Mzee anauliza ni nani huyu, na jibu linapomfikia, anatetemeka. Kiebrania hapa kinakaribia kuvunjika: kitenzi cha kutetemeka, kisha nomino ya kitenzi hichohicho, kisha kivumishi cha ukubwa, kisha kielezi cha kupita kiasi juu yake. Mstari unaofuata msimulizi anamjengea Esau kilio kwa matofali yaleyale: kulia, kilio, ukubwa, uchungu, kupita kiasi. Baba na mwana wamedhulumiwa pamoja, na sentensi zao zimefanywa pacha.

Msomaji wa pwani au wa bara hahitaji kuelezwa kwa nini Isaka hawezi kusema basi, nimekosea, njoo wewe. Tunajua radhi ya mzazi ni nini. Tumeona watu wazima wenye mvi wakisafiri usiku kucha kuiwahi kabla mzee hajafumba macho, na tumeona ndugu wasiozungumza miaka kwa sababu mmoja aliipata na mwingine akaikosa. Neno likishatoka kinywani mwa baba, ni maji yaliyomwagika. Esau anaomba hata hivyo. Anauliza kama baba yake alikuwa na baraka moja tu. Mtu mzima, mwindaji, anayeweza kumbeba mnyama mabegani, anapaza sauti na kulia.

Katika malalamiko yake anaweka pamoja maneno mawili, haki ya mzaliwa wa kwanza na baraka, ile iliyochukuliwa zamani na hii iliyochukuliwa leo. Kwa Kiebrania ni bekhora na beraka, herufi zilezile tatu zilizobadilishana nafasi. Tafsiri zetu haziwezi kulibeba hilo, ingawa Kiswahili chenyewe kimerithi mizizi yote miwili kupitia Kiarabu: baraka yetu ndiyo ile, na bikira yetu imetoka katika mzizi uleule wa kifungua mimba. Tumevikalia vitu hivyo bila kujua kwamba mahali fulani vilikuwa ndugu wanaogombana.

Hapa ndipo ninapompenda msimulizi kuliko wasimulizi wengi. Yakobo ndiye babu wa taifa lake. Wasikilizaji wake walijiita kwa jina la Yakobo. Esau ni babu wa Waedomu, jirani na mara nyingi adui. Mtunzi wa kawaida angemfanya Esau mpumbavu tuchekelee. Huyu amempa adui kilio kikubwa kuliko vyote katika sura, na hajampa Yakobo hata sentensi moja ya kujitetea. Pia hajamlaumu. Hakuna mahali anaposema Yakobo alifanya vibaya.

Anachofanya ni kuvirudisha vile vitu, kimoja kimoja.

Yakobo anakimbilia kwa mjomba wake Labani. Mama amemwambia akae huko siku chache. Anampenda Raheli, binti mdogo, na kumtumikia baba yake miaka saba, nayo machoni pake ikawa kama siku chache. Kiebrania kinatumia maneno mawili yaleyale aliyotumia mama. Usiku wa arusi analetewa binti, gizani. Asubuhi anaona ni Lea, yule mkubwa. Anapolalamika kwamba amedanganywa, mzizi wa neno lake ni uleule Isaka aliomwelezea Esau hila ya ndugu yake. Na jibu la Labani ni la upole wa kutisha: kwetu hapa si desturi kumtoa mdogo kabla ya mkubwa. Kwa huyo mkubwa analitumia neno la kifungua mimba, mzizi wa bekhora. Je, Labani alijua anachokisema? Msimulizi hamwelezi. Marabi wa kale hawakuweza kuvumilia ukimya huo, wakatunga mazungumzo ya usiku ule: Yakobo anaita Raheli, Lea anaitika, kulipokucha anamlaumu, naye anamjibu kwamba hata baba yake alimwita Esau naye akaitika. Nawaelewa marabi. Msimulizi ameacha nafasi iliyo sawasawa na ukubwa wa jibu hilo.

Zile siku chache zikawa miaka 20. Rebeka na Yakobo hawaonyeshwi tena pamoja. Kifo cha Rebeka hakisimuliwi. Cha yaya wake, Debora, kinasimuliwa, hata mti aliozikwa chini yake unatajwa. Mama aliyesema laana iwe juu yake anatoka katika hadithi bila mlango kufungwa nyuma yake.

Miaka inapita, Yakobo ni baba mwenye wana 12, na anarudia kosa la nyumba alikolelewa: anampenda mmoja, Yusufu, na anamshonea kanzu. Ndugu wanamuuza kijana huyo wa miaka 17 kwa vipande 20 vya fedha. Wanahitaji kitu cha kumwonyesha baba. Wanachinja mbuzi. Wanachovya kanzu katika damu.

Mbuzi na vazi la ndugu: ndivyo vitu viwili alivyoingia navyo Yakobo kwa baba yake. Na neno lililochaguliwa hapa kwa mbuzi linaandikwa kwa herufi zilezile za neno ambalo Yakobo alimwelezea Esau, yule mwenye manyoya. Wana wanamletea kanzu na kumwomba atambue. Kitenzi ni kile tulichoweka akiba. Isaka hakutambua, Yakobo anatambua, na kutambua kwake ndiko kudanganywa. Hawakutamka kwamba kijana amekufa. Walimpa kitambaa, yeye mwenyewe akamalizia hadithi.

Kitenzi hakijachoka. Sura inayofuata kabisa, Yuda, aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu, anamwahidi mwanamke asiyemjua mwanambuzi, na kumwachia rehani muhuri wake, kamba yake na fimbo yake. Mwanamke ni Tamari, mkwe wake aliyenyimwa haki. Anapokaribia kuchomwa moto anapeleka vitu vile na ombi la maneno yaleyale mawili ambayo Yuda na nduguze walimpelekea baba yao: atambue. Marabi walikwisha kuliona hilo karne nyingi zilizopita: mbuzi kwa mbuzi. Baadaye, Misri, wakati wa njaa, ndugu kumi wanasujudu mbele ya liwali, ambaye ndiye Yusufu, naye anawatambua, wao hawamtambui. Kutoka hema la Isaka hadi ukumbi wa Misri ni sura 15, na kitenzi kimoja kimetembea njia nzima kama uzi unaoonekana tu pale sindano inapotokeza.

Waliolelewa na Kurani wanajua kwamba Sura Yusuf nayo imeshikilia vazi: kanzu yenye damu ya uongo, kanzu iliyochanwa kwa nyuma, na kanzu inayomrudishia mzee Yaakub macho yake. Ni mpango mwingine, wenye mwanga wake, na huko kanzu ya tatu inaponya. Katika Mwanzo hakuna vazi linaloponya. Kuna shingo.

Niliiruka makusudi. Kabla ya habari za Yusufu, Yakobo anarudi kutoka kwa Labani na anasikia Esau anakuja kumlaki na watu 400. Usiku anapanga zawadi: mbuzi majike 200 na mabeberu 20, kisha kondoo, ngamia, ng'ombe, punda, jumla wanyama 550 bila kuhesabu ndama wa ngamia. Mbuzi ndio wanaotajwa mwanzo. Asubuhi anasujudu mara saba akimkaribia kaka yake, huku akikokota mguu ulioteguka katika mieleka ya usiku ule. Na msimulizi, kama siku ya dengu, anapanga tena vitenzi mfululizo kwa ajili ya Esau: anakimbia, anakumbatia, anaanguka shingoni, anabusu. Neno la shingo ni lile la siku ya ngozi. Pale Rebeka alipofunga manyoya ya mwanambuzi ili mkono wa baba usiguse mtoto wake, pana uso wa Esau, na chini yake ni ngozi ya Yakobo yenyewe, laini. Wanalia wote wawili.

Kisha Yakobo anamwambia kaka yake atangulie, yeye atamfuata polepole hadi Seiri. Esau anaondoka. Yakobo anakwenda Sukothi.

Msimulizi anaandika hivyo tu, bila neno la kuongeza. Ndugu hawa anawaleta pamoja mara moja nyingine, Isaka anapokufa na miaka 180. Abrahamu, baba yake Isaka, alipozikwa, wanawe waliomzika walitajwa Isaka kwanza, halafu Ishmaeli, ingawa Ishmaeli ndiye mkubwa. Kaburini kwa Isaka waliomzika ni wanawe, na wanatajwa Esau kwanza, kisha Yakobo.